UZI: Mguu wa hamali una bei gani, na nani hupanga bei hiyo?

Uzi huu ni mrefu. Kama una haraka uweke alama, urudi baada ya isha na kikombe cha kahawa.

Kila uchaguzi ukikaribia kuna mjadala mmoja unaorudi kama masika: fidia ya watu waliojeruhiwa. Mmoja atapanda jukwaani aseme mawakili ndio wanaoziua kampuni za bima. Mwingine atajibu kwamba kampuni za bima ndizo zinazokula haki ya maskini. Wa tatu ataahidi kuifuta "ile sheria ya milioni tatu". Watu watapiga makofi, watatukanana humu mtandaoni, kisha kimya mpaka msimu mwingine. Mimi sitaji mtu wala chama. Hadithi hii ni kongwe kuliko wote wanaoigombania, na nitaianzia mtaani kwetu, Kibokoni.

Mjomba wangu alikuwa mvuta mkokoteni. Kazi yake ilikuwa kutoa mizigo Bandari ya Kale kuipeleka Marikiti, kurudi, kwenda tena. Asubuhi moja matatu ikampiga kwa nyuma, muundi ukavunjika. Wiki ya tatu, mguu bado uko kwenye plasta, alikuja kijana mmoja mwenye adabu nyingi, amevaa tai. Alileta bahasha ya shilingi 40,000 na karatasi moja ya kutia sahihi. Mjomba akatia. Alidhani amepewa pesa za dawa. Kumbe alichosaini ni kwamba amelipwa akatosheka, na hana tena dai lolote kwa mtu yeyote kuhusu ajali ile. Mguu haukuunga sawa. Mkokoteni hakuuvuta tena.

Nakwambieni hili mapema ili mjue ninakotoka. Mijadala yetu yote ni ya kiasi: milioni ngapi, asilimia ngapi. Lakini ukiifuata historia ya fidia hapa Pwani utaona wengi walioumia hawakufika hata kwenye swali la kiasi. Walitolewa mlangoni, ama kwa karatasi waliyokuwa hawana, ama kwa karatasi waliyosaini, ama kwa siku zilizopita wakiwa wamelala kitandani.

Basi turudi nyuma kabisa.

Wazee wa Mji wa Kale hawakumngoja Mwingereza awafundishe kwamba kiungo kina thamani. Fiqhi ya Kishafii, iliyosomeshwa misikitini mwetu karne na karne, ina mlango mzima wa diya. Diya kamili ni ngamia 100. Mkono mmoja nusu yake, mguu mmoja nusu, jicho moja nusu. Kidole ngamia 10, jino 5. Kwa hiyo lile "jedwali la viungo" ambalo watu waligombana kwalo Nairobi miaka kumi na kitu iliyopita, kana kwamba ni uvumbuzi mpya wa mabepari, mtoto wa chuo hapa angeweza kukusomea la kwake kwa moyo.

Na kuna jambo jingine ndani ya mlango huo ambalo watu hulisahau. Aliyeua kwa bahati mbaya halipi peke yake. Wanaolipa ni akila, yaani jamaa zake wa kiumeni, na wanalipa kwa awamu ndani ya miaka 3. Ukikaa ukaifikiria, hiyo ni kazi ya bima: hatari ya mmoja inabebwa na wengi, ili mfiwa asije akamdai mtu ambaye hana hata sufuria. Si bima ya biashara. Hakuna ada ya mwaka wala faida ya mwenye hisa, na ndiyo maana wanavyuoni wengi mpaka leo wana maneno na bima za kawaida, na ndiyo maana kampuni ya takafuli ilipoanza kazi Kenya 2011 watu wa hapa waliifuatilia sana. Lakini shabaha ni ileile.

Sasa usije ukampelekea kadhi mguu uliovunjika kesho. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa kadhi mambo manne tu: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na hayo pia ni kwa Waislamu waliokubali kwenda kwake. Ajali haimo. Ilitokaje?

Mwaka 1895 Pwani iliingia chini ya Mwingereza. Bendera ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea Fort Jesus mpaka 1963, lakini ngome yenyewe ikageuzwa jela, na sheria ya mambo kama haya ikawa ya London. Kuna tarehe moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria Kenya hukaririshwa: 12 Agosti 1897. Sheria ya Uingereza jinsi ilivyokuwa siku hiyo ndiyo iliyopokelewa hapa kuwa msingi wa sheria yetu, na tarehe hiyo imo kwenye vitabu vyetu hadi leo, miaka yote hii baada ya uhuru.

Itazameni vizuri tarehe hiyo. Siku 6 kabla yake, 6 Agosti 1897, Uingereza ilikuwa imekamilisha sheria yake ya kwanza ya kumlipa mfanyakazi aliyeumia kazini bila kumlazimisha athibitishe kosa la tajiri. Ila sheria hiyo ilipangiwa kuanza kazi 1 Julai 1898. Siku ile mstari ulipochorwa, ilikuwa imeandikwa, imetiwa sahihi, na bado haijaanza. Tukarithi ile ya kale.

Na ya kale ilikuwa kali. Ukiumia kazini ilibidi uonyeshe uzembe wa tajiri mwenyewe, naye alikuwa na ngao tatu za kujikinga. Ya kwanza: hatari uliijua ukaikubali. Ya pili: na wewe ulichangia, basi hupati hata senti. Ya tatu ndiyo ninayoiona mbaya kuliko zote: aliyekuumiza ni mfanyakazi mwenzako, kamdai yeye. Fikiria makuli kumi wanashusha mzigo kwa kamba, mmoja akaiachia, gunia likamwangukia mwenziwe. Kwa sheria ile aliyevunjika mgongo amdai yule kuli mwingine, ambaye mshahara wake ni chakula cha jioni. Waingereza wenyewe waliifuta kwao 1948.

Haya hayakuwa mambo ya vitabuni tu. Reli ya kwanza ya kwenda Uganda ilitandikwa hapa Mombasa 30 Mei 1896. Kutoka India waliletwa wafanyakazi wa mkataba karibu 32,000. Waliokufa ni 2,493. Waliorudishwa kwao kwa ugonjwa na ulemavu ni 6,454. Mmoja katika kila watano, takriban! Na tunazijua hesabu hizi kwa sababu wale watu walikuwa na mikataba. Waafrika waliobeba vyuma, waliofyeka msitu na waliochota maji hawakuhesabiwa kwa makini namna hiyo. Hakuna karatasi, hakuna majeruhi.

Ndani ya mji nako kulikuwa na vigari vya reli ndogo vilivyosukumwa na watu kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, bwana ameketi juu na hamali wanakimbia nyuma yake. Jengo la mahakama ya zamani, la 1902, bado lipo pale karibu na Fort Jesus, na siku hizi ni nyumba ya maonyesho ya makumbusho. Nikipita pale na wageni huwa najiuliza ni wasukuma vigari wangapi waliopanda zile ngazi kudai mguu. Nina dhana yangu.

Neno "kibarua" lenyewe lisikilizeni. Ni barua ndogo: kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili jioni alipwe. Kwa vizazi, bandari ya Mombasa ilikula jasho la watu wa kijikaratasi. Leo unafanya kazi kwa huyu, kesho kwa yule, kesho kutwa huna. Ukiumia Jumanne, Jumatano tajiri wako ni nani?

Walichoka. Mwaka 1939 mji uligoma. Januari 1947 wakagoma tena, wafanyakazi wapatao 15,000, siku 12, bandari na reli na mahoteli vikasimama. Madai makubwa yalikuwa mishahara na makazi, lakini serikali ya kikoloni ilishaona kwamba mtu wa kazi hawezi kutupwa kama ganda la muwa pasipo gharama. Ni katika miaka hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1940, Kenya ikapata sheria ya kumfidia mfanyakazi, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 236. Kwa mara ya kwanza hukuhitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Ukiumia kazini kwa sababu ya kazi, unalipwa kwa jedwali: kiungo hiki asilimia kadhaa. Ukitaka zaidi, mlango wa mahakama uko wazi, ila hulipwi mara mbili.

Kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa. Wa kutwa aliyefungiwa nje ni yule ambaye kazi yake haikuhusu biashara ya mwajiri, kama mtu aliyeitwa kuparura rangi nyumbani kwa bwana. Kuli wa gatini alikuwa ndani. Lakini alikuwa ndani endapo angeweza kuonyesha nani alimwandika siku ile, na hapo tunarudi kwenye kile kijikaratasi.

Miaka hiyohiyo ya 1940 ndipo ilipokuja sheria ya pili, ambayo ndiyo hasa inayozua kelele leo. Uingereza ilikuwa imelazimisha kila gari liwe na bima ya kumlipa mtu wa nje tangu 1930. Kenya ikafuata kwa ile tunayoiita Sura ya 405, yaani thadi pati. Wengi wanadhani thadi pati ni ya mwenye gari. Sivyo. Ni ya mjomba wangu. Iliandikwa kwa sababu kuna watu watakaogongwa na watu wasio na kitu, na Bunge likasema: hatujali dereva ana kitu au hana, lazima awepo wa kulipa. Ile akila imerudi kwa sura nyingine, wenye magari wote wamefanywa ukoo mmoja kwa nguvu.

Lakini hebu ione inavyofanya kazi. Humshtaki mwenye bima moja kwa moja. Unamshtaki dereva na mwenye gari. Ukishinda, hukumu inapelekwa kwa kampuni, na sheria inasema kampuni ilipe. Isipolipa? Unafungua kesi nyingine, ya kuitaka mahakama itamke kwamba kampuni inawajibika. Kesi mbili kwa mguu mmoja! Na katika hiyo ya pili kampuni itakuuliza: sisi tulipewa notisi lini kwamba umeenda kortini? Sheria inataka wajulishwe kabla ya kesi au muda mfupi tu baada ya kufunguliwa. Nimesoma hukumu ambapo mtu ana ushindi mkononi, ameupigania miaka, anaukosa kwa barua ambayo haikutumwa.

Kuna tobo jingine ambalo nataka kila anayeomba lifti alijue. Sheria hii inamlazimu mwenye gari kukata bima ya abiria pale tu abiria analipa nauli au amebebwa kwa sababu ya kazi yake. Binamu yako akikupa lifti ya bure kwenye gari lake binafsi kwenda harusini Lamu, sheria haimlazimishi kuwa na bima yako wewe uliyeketi kando yake. Wa nje akigongwa, analindwa. Wewe uliye ndani huenda ukabaki na dua. Ulizeni kabla ya kupanda, japo najua hakuna atakayeuliza, maana ni aibu.

Vilevile inahusu gari barabarani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272, wengi wakivuka asubuhi kuja kisiwani kutafuta riziki. Feri si gari na kivuko si barabara. Kwa familia zile Sura ya 405 haikuwa na neno lolote. Zilibaki na Sheria ya Ajali za Vifo, inayowatambua mume au mke, wazazi na watoto. Ndugu wa kuzaliwa tumbo moja uliyekuwa ukimlisha na kumsomesha hayumo. Katika mirathi ya Kiislamu anaweza kuwemo, katika fidia ya ajali hayumo. Watu wengi hapa hulijua hilo wakiwa tayari wamesimama mbele ya karani.

Tuje kwenye miaka ya matatu, maana hapa ndipo wanasiasa hupenda kupiga kelele.

Mwaka 1996 Kenya National Assurance, kampuni ya bima ya serikali yenyewe, ilianguka. Julai 2005 United Insurance ikawekwa chini ya msimamizi wa kisheria. Septemba 2011 ikawa zamu ya Blue Shield. Hizi mbili za mwisho zilikuwa zimebeba matatu nyingi mno. Sababu zinagombaniwa mpaka leo. Wenye kampuni watasema madai ya uongo na mawakili wenye tamaa, na ni kweli kumekuwa na ajali za kubuni, abiria 14 kwenye matatu wakageuka majeruhi 30 kortini. Upande wa pili husema kampuni ziliuza bima kwa bei ya kutupa ili zipate soko, zikitumaini siku ya kulipa haitafika. Mimi naona yote mawili yalikuwepo, na anayekuambia ni moja tu anatafuta kura yako.

Ila mtazameni aliyevunjika. Msimamizi akiingia, hutolewa amri ya kusitisha malipo. Una hukumu, ina muhuri wa mahakama, nayo inakaa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Serikali iliunda mfuko wa kuwafidia wenye bima 2004, na kikomo kilichowekwa kilikuwa shilingi 250,000 kwa dai. Mtu aliyepewa milioni moja na nusu na jaji anaambiwa achukue robo milioni, tena akingoja. Na zile kanuni za mikanda na vidhibiti mwendo zilizoanza Februari 2004, ambazo watu huziita kwa jina la waziri wa wakati ule (simtaji, mwamjua), zilipunguza mwendo kwa muda. Hazikugusa swali la nani atalipa.

Ndipo ikaja ile milioni tatu. Bunge liliweka kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Jamani, someni hapa polepole, maana jukwaani husemwa vibaya na pande zote. Kikomo hiki hakimzuii jaji. Jaji anaweza kukupa milioni 8. Kinachozuiwa ni mzigo wa kampuni: inalipa 3, na 5 zilizobaki ni deni la mwenye gari. Kama ni tajiri, atalipa, au atauza. Kama ni mama aliyechukua mkopo akanunua matatu moja, mmemfilisi yeye na nyinyi hamjapata kitu. Kwa hiyo anayesema "wameweka bei ya mwili wa Mkenya milioni tatu" amekosea, na anayesema "mbona bado unaweza kupata zote" naye amekosea kwa njia ya ujanja zaidi. Tena milioni 3 za wakati ule na za leo si ndugu.

Mwaka 2013 wakaongeza: jedwali la viungo kwa ajali za barabarani, kidole hiki asilimia hii. Hoja yao ilikuwa kwamba majaji hutoa viwango vya kupishana kwa majeraha yanayofanana, na hilo ni kweli. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na 2016 Mahakama Kuu ikabatilisha sehemu za mabadiliko hayo. Kikomo cha milioni 3 kikabaki.

Hapa nina maoni yangu, mnaruhusiwa kuyakataa. Jedwali si dhambi. Diya ni jedwali. Mwenye jedwali hujua haki yake bila kumlipa mtu amwambie. Tatizo ni kwamba jedwali huuliza umepoteza nini, haliulizi ulikuwa nani. Kidole cha shahada cha karani na cha fundi wa kushona kanzu ni asilimia moja, na wa pili ndiye aliyefungiwa riziki. Jaji anaweza kuliona hilo. Karatasi haiwezi. Lakini kumfikia jaji kuna nauli yake.

Upande wa kazini mambo yalikuwa vurugu zaidi. Sura ya 236 ilifutwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ile watu huita WIBA, iliyoanza kutumika Juni 2008. Ina mazuri yake: mwajiri alazimike kuwa na bima, ulemavu kamili wa kudumu ni mshahara wa miezi 96, aliyekufa, wategemezi wake vilevile. Lakini ilifunga ule mlango wa pili. Kifungu cha 16 kinasema huwezi kumshtaki mwajiri kortini kwa ajali ya kazini. Unakwenda kwa Mkurugenzi wa usalama kazini. Usiporidhika unampinga mbele yake mwenyewe ndani ya siku 60, kisha ndiyo unakata rufaa.

Mawakili wakaipinga. Machi 2009 Mahakama Kuu ikavunja vifungu hivyo, cha 16 kikiwemo. Miaka minane watu wakaendelea kufungua kesi kortini kama zamani. Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha karibu vyote. 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaafiki. Sasa wewe kuli uliyeumia 2012, ukafuata sheria ilivyokuwa siku ile, faili lako liko wapi? Kuna mafaili yalitupwa nje. Ilibidi Jaji Mkuu atoe maelekezo 2023 kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi ule wa 2019 zimalizwe hapohapo kortini. Miaka 14 tangu hukumu ya kwanza. Majitu makubwa yalikuwa yakivutana juu kuhusu kanuni za kikatiba, na huku chini watu walikuwa wakizeeka na magongo.

Haya, saa. Hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuisikia kwenye mdahalo wowote.

Umegongwa na gari la mtu binafsi: una miaka 3 kufungua kesi. Umegongwa na gari la serikali: miezi 12 tu. Ndiyo, serikali imejipa theluthi. Juu yake ilitaka notisi ya siku 30 kabla ya kushtakiwa. 2012 jaji mmoja alisema sharti hilo linazuia haki, lakini wakili mwangalifu bado huituma. Bandari nayo ina sheria yake: notisi ya mwezi mmoja, kesi ndani ya miezi 12. Umeumia kazini: dai lako liwe limefika ndani ya miezi 12. Mtu wa mfupa wa paja anaweza kumaliza nusu ya muda huo hajasimama wima.

Na karatasi. Abstrakti ya polisi yenye namba ya gari na jina la kampuni ya bima, fomu ya P3, kadi ya hospitali, risiti za dawa. Ile iliyomponza mjomba, ya kukiri umelipwa na kumaliza madai, watu huiita dischaji. Mahakama huichukulia kuwa ni mkataba. Kuivunja unahitaji kuonyesha ulidanganywa au ulilazimishwa au hukuelewa, na ni mlima. Hakuna sheria inayokulazimisha kuisaini wiki ya tatu.

Kuhusu mawakili, mjue pia kwamba yale makubaliano ya "nikishinda unanipa theluthi, nikishindwa hudaiwi" Sheria ya Mawakili haiyatambui. Yapo kila mahali, mabroka wanayauza kwenye korido za hospitali, lakini ni batili. Shabaha ilikuwa kumlinda mteja. Kilichotokea ni kwamba maskini, ambaye hiyo ndiyo njia pekee angeweza kumpata wakili, anaingia kwenye makubaliano yaliyojificha, bila karatasi. Na 2016 ikatungwa sheria ya mahakama za madai madogo, kikomo chake sasa ni shilingi milioni 1, kesi imalizike ndani ya siku 60. Sheria yenyewe imetaja majeraha ya mwili. Hata hivyo majaji wa Mahakama Kuu, wa hapa Mombasa wakiwemo, wametofautiana kama kweli kesi za majeraha ni za kule. Kabla ya kwenda, ulizia karani hali ikoje wiki hiyo.

Juzi nilikuwa barazani. Jirani yetu mmoja ana kijana wa miaka 22, dereva wa tuktuk. Mwezi uliopita gari la serikali lilimbana ukutani upande wa Makadara, mkono umevunjika mara mbili, tuktuk imekuwa bati. Nikamuuliza baba kama wamechukua abstrakti. Akaniambia hapana, kuna bwana mmoja wa ofisi hiyo alikuja hospitali, mtu mzuri sana, akawaahidi watashughulikiwa, wasiwe na haraka. Mjomba alikuwa ameketi upande wa pili, mguu ameunyoosha juu ya kigoda kama kawaida yake. Akaiweka chini kahawa yake.

"Alikuja na karatasi?" akauliza.

Bado. Leo ni siku ya 38.